Kiungo cha Kopa Kinapokataa: Dalili, Vyanzo na Tiba katika Kulehemu Mabomba ya Viyoyozi

Mwongozo huu ni wa fundi aliyekwisha kuzoea kushika kichomeo, ambaye ameona dalili fulani kwenye kiungo cha bomba au kwenye mashine yenyewe na sasa anatafuta chanzo chake. Nimefunga viyoyozi Nairobi kwa miaka mingi, katika ofisi za Upper Hill, maduka ya Eastleigh na vyumba vya seva ambavyo ubaridi wake hauzimwi usiku wala mchana, na nimejifunza kwamba kosa la kulehemu ni nadra kujionyesha siku ile ile. Moto huchukua dakika mbili, lakini matokeo yake huja baada ya wiki kadhaa, kompresa inapoanza kunguruma na kila mtu analaumu stima, gesi au kiwanda kilichoitengeneza mashine. Ndiyo maana nimeanza kila sehemu na kile ambacho jicho, pua au geji hukuonyesha, kisha nikarudi nyuma hadi kwenye zile dakika mbili.

Ninaposema kulehemu, sizungumzii risasi ya kuunganishia nyaya za redio. Ninazungumzia kuunganisha kopa kwa rodi inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 450 za Selsiasi, ilhali kopa yenyewe inabaki ngumu, kwa kuwa haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 1,085. Rodi za kopa na fosforasi tunazotumia kila siku huanza kulainika kati ya nyuzi 640 na 710, kutegemea kiasi cha madini ya fedha kilichomo, na hutiririka vizuri karibu na nyuzi 700 hadi 800. Nafasi kati ya joto linaloyeyusha rodi na joto linaloharibu bomba si kubwa, na makosa mengi yaliyomo humu hutokea ndani ya nafasi hiyo.

Moshi unaochoma koo

Naanza na dalili hii kwa sababu inamhusu mtu kabla ya kuhusu bomba. Ukianza kupasha kiungo cha mashine iliyowahi kufanya kazi, kisha ukasikia harufu kali inayochoma pua na kutoa machozi, zima moto, toka nje na uwatoe wenzako kabla ya kujiuliza lolote. Chanzo ni gesi ya kupoza iliyobaki ndani ya bomba, au iliyojificha ndani ya mafuta ya kompresa na kuanza kutoka bomba lilipopata joto. Gesi hizi zikikutana na moto huvunjika na kuzaa hidrojeni floraidi, ambayo ni asidi kali kwa mapafu. R-22, gesi ya mifumo ya zamani, kwa kuwa ina klorini, huzaa pia hidrojeni kloraidi na kiasi kidogo cha fosjini, sumu ile ile iliyotumiwa katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Wazee wetu katika kazi hii walizoea kutazama mwali: ukigeuka kijani, walijua gesi ipo. Ujuzi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulitegemea klorini. Gesi za R-410A na R-32 hazina klorini, kwa hiyo fundi anayengoja rangi ya kijani atavuta asidi bila onyo lolote. Tena R-32 yenyewe huweza kushika moto, na R-290, ambayo ni propani, hushika upesi zaidi. Kuna hatari nyingine wanayoisahau wengi: ukiyeyusha kiungo cha bomba ambalo bado lina shinikizo, mafuta hutoka kama ukungu mbele ya kichomeo na kuwaka usoni mwako.

Tiba ni mpangilio wa kazi. Kusanya gesi yote kwa mashine ya kukusanyia na kuiweka kwenye mtungi uliokusudiwa gesi hiyo, pitisha naitrojeni kusukuma mabaki, na uache vali za huduma, zile fundi anapounganishia mipira ya geji, wazi ili chochote kitakachotanuka kipate njia. Kisha kata kiungo cha zamani kwa kikata bomba badala ya kukiyeyusha. Sekretarieti ya Ozoni, inayosimamia Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, ina ofisi zake papa hapa Gigiri, na huniuma kuona fundi wa mji huu akifungua vali juu ya paa na kuachia R-22 iende angani kwa sababu ya kukosa subira ya nusu saa.

Ikiwa mfumo ni mpya kabisa na moshi bado unakusumbua, angalia rodi na mabomba ya jirani. Baadhi ya rodi za zamani za fedha zilikuwa na kadimiamu, ambayo mvuke wake unaweza kuua. Nunua zile zilizoandikwa wazi kwamba hazina. Chuma kilichopakwa zinki kikipata moto hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka jioni yake. Nayo fluksi, dawa ya kusafishia metali wakati wa kulehemu, huwa na floraidi, hivyo usiinamie kiungo kinachotoa mvuke. Simama upande ambao upepo unatokea.

Lehemu inaviringika kama shanga

Rodi imeyeyuka, lakini badala ya kuingia kwenye mwanya inakaa juu ya bomba kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Fundi mchanga huongeza moto na kuongeza rodi, na mwishowe hupata uvimbe mkubwa wa kupendeza ambao ndani yake hakuna kitu.

Swali la kwanza ni hili: nini kimeyeyusha rodi? Kama mwali ndio ulioiyeyusha, kiungo bado ni baridi. Joto la kuyeyusha rodi lazima litoke kwenye kopa yenyewe. Pasha kwanza bomba linaloingia, karibu na mdomo wa soketi, ili joto lisafiri ndani. Kisha uhamie kwenye soketi, ukizungusha mwali pande zote bila kuusimamisha mahali pamoja. Kopa ikipata wekundu uliofifia, kama kaa la jiko linalokaribia kuzimika, gusa kwa rodi upande ulio mkabala na mwali. Lehemu hufuata joto, na utaiona ikinyonywa ndani na kuacha mstari mwembamba unaong'aa kuzunguka mdomo.

Hapa pana jambo la Nairobi ambalo limewapotosha mafundi wengi wazuri. Kazi ya mashine ya nje hufanyika juu ya paa, mara nyingi saa sita au saa saba mchana, na katika jua hilo wekundu uliofifia hauonekani. Fundi husubiri rangi, anapoiona kopa tayari imepita na kukaribia rangi ya chungwa, na fosforasi imeanza kuungua. Weka kivuli. Kipande cha katoni ya mashine kilichoegemezwa umbali salama kutoka kwenye mwali kinatosha, au mwenzako asimame upande wa jua. Mimi hupendelea kufanya viungo vya paa mapema asubuhi, na si kwa sababu ya jua kali pekee, bali kwa sababu jicho langu huwa linasema kweli saa hizo.

Kama joto ni sahihi na lehemu bado inaviringika, chanzo ni uchafu. Alama za vidole zina mafuta, na kopa iliyokaa stoo hupata kutu ya kahawia isiyoonekana kwa haraka. Sugua bomba kwa msasa laini na soketi kwa brashi yake hadi zing'ae, zipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha usizishike tena. Unapokata, ondoa ncha kali za ndani ya bomba huku mdomo ukitazama chini, ili chembe za kopa zianguke sakafuni na zisiingie kwenye mfumo.

Sababu ya mwisho ni aina ya metali. Fosforasi iliyo ndani ya rodi husafisha kopa kwa kopa bila fluksi, lakini haiwezi kazi hiyo peke yake kwenye brasi. Kiungo cha kopa na brasi kinahitaji fluksi, na kikishapoa kioshwe kwa maji ya vuguvugu na brashi, kwa maana fluksi iliyobaki hula metali polepole na wakati mwingine huziba tundu ambalo litafunguka baadaye.

Kiungo kizuri kwa macho, kinachotoa povu kwenye jaribio

Umejaza naitrojeni kwa shinikizo, ukapaka maji ya sabuni, na mahali fulani kwenye mzingo povu jepesi linakua taratibu. Kabla ya kuwasha moto tena, toa shinikizo lote. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu nimemwona mtu akijaribu kuziba tundu huku naitrojeni ingali ndani: lehemu iliyoyeyuka ilirushwa, ikamkosa jicho kwa upana wa kidole.

Tundu dogo la pande zote, mfano wa tundu la sindano, kwa kawaida linatokana na hewa iliyokuwa ikitoka wakati lehemu inaganda. Mara nyingi ni kiungo cha mwisho cha mfumo. Viungo vyote vya awali vilikuwa na mwisho ulio wazi, hiki cha mwisho kimefunga mlango, na hewa iliyopata joto ndani haina pa kupita isipokuwa kwenye lehemu laini. Fungua njia ya vali ya huduma kabla ya kuwasha moto. Naitrojeni nyingi mno hufanya vivyo hivyo, nami nitarudi kwenye kiasi chake hapa chini.

Ufa mwembamba unaofuata mzingo wa bomba una historia tofauti: kiungo kilitikiswa kabla hakijaganda, au kilimwagiwa maji kikiwa bado chekundu. Hesabu polepole hadi wekundu upotee kabisa, uache bomba likiwa limeshikiliwa, ndipo utumie kitambaa kilicholowa.

Iwapo uvujaji unatoka sehemu pana, pima mwanya na kina. Bomba linapaswa kuingia kwa kubana kidogo, mwanya ukiwa sehemu ndogo ya milimita. Kwa bomba la robo inchi, kina cha kuingia kisipungue milimita 6. Kwa la tatu kwa nane, milimita 7. Kwa la nusu inchi, milimita 8. Mdomo uliopanuliwa kwa kugonga chuma cha duara badala ya kifaa cha kupanulia huwa na umbo la yai, na lehemu haiwezi kuvuta kuingia kwenye mwanya ambao upande mmoja umebana na upande wa pili umeachama. Usijaze, kata, upanue upya. Kiungo kilichokwisha kulehemiwa mara mbili na bado kinavuja hakistahili mara ya tatu.

Na sabuni iwe ya kawaida au ya kupimia uvujaji. Vioshaji vyenye amonia hupasua nati za brasi, na ufa huo hutokea muda mrefu baada ya fundi kuondoka.

Magamba meusi ndani ya bomba

Niliitwa jengo moja la Westlands ambako kiyoyozi kilikuwa na miezi minne tu na tayari kilikuwa kimeua kompresa moja. Kompresa ya pili ilikuwa imefungwa na ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Shinikizo la upande wa kunyonya lilikuwa chini, ingawa gesi ilikuwa imepimwa kwa mizani na kujazwa kamili, na kichujio kidogo kilichotangulia vali ya upanuzi, ile inayoshusha shinikizo la gesi, kilikuwa na vuguvugu upande mmoja na utando wa barafu upande wa pili. Dalili hizo tatu zikikutana, kuna kizuizi kwenye njia ya gesi ya maji, yaani gesi ya kupoza ikiwa kimiminika.

Tulikusanya gesi, nikakata kona moja ya nusu inchi, nikaipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, kisha nikaigonga juu ya karatasi nyeupe. Vilianguka vipande vyembamba vyeusi, vilivyopinda kama maganda ya rangi kuukuu, vingine vikiwa vidogo kama chembe za majani ya chai. Mwanagenzi wangu alipitisha kidole ndani ya nusu aliyoishika, na kidole kikatoka cheusi kama cha mtu aliyesugua sufuria ya jiko la makaa.

“Fundi, haya si masizi ya kichomeo yaliyoingia?” aliuliza.

Nikampa ile nusu aangalie upande wa nje. Lehemu ilikuwa imezunguka sawasawa, haina uvimbe wala mapengo. Ni kiungo ambacho ungempigia picha mteja. “Moto haukuingia ndani,” nikamwambia. “Hewa ndiyo iliyokuwa ndani.”

Kopa yenye joto la kulehemu ikiwa na hewa ndani, oksijeni ya hewa hiyo huungana nayo na kufanya oksidi nyeusi ya kopa. Oksidi hiyo hushikilia ukuta wa bomba kwa siku chache, kisha gesi ya kupoza, ambayo pamoja na mafuta ni kiyeyushi kizuri sana, huibandua na kuisafirisha. Inaishia kwenye kichujio, kwenye mrija wa kapilari au kwenye sindano ya vali ya upanuzi, na iliyo laini zaidi hupita hadi kwenye beringi za kompresa. Kadiri mfumo ulivyo mkubwa na viungo vyake kuwa vingi, ndivyo mzigo huu unavyoongezeka.

Kinga yake ni moja, nayo ni kupitisha naitrojeni kavu ndani ya bomba wakati wote wa kulehemu. Najua fundi anayesoma hapa ameshaambiwa hivyo, na najua pia kwamba mtungi wa naitrojeni ni mzito kuupandisha ngazi za ghorofa tano lifti ikiwa imeharibika. Lakini nimeona kwamba hata wanaoubeba hawapati faida yake yote, kwa hiyo nitaeleza pale inapopotea.

Wengine hujaza naitrojeni, hufunga pande zote na kuanza kulehemu. Naitrojeni iliyofungwa hutanuka kwa joto na kutoboa lehemu. Lazima ipite: iingie upande mmoja, itoke upande wa pili kupitia tundu dogo kwenye utepe uliofunga mdomo wa bomba, ili hewa ya nje isirudi ndani. Wengine hufungua vali na kuwasha moto papo hapo, wakati hewa bado imejaa bombani. Anza kwa mkondo wa nguvu usukume hewa yote, hasa bomba likiwa refu, kisha upunguze hadi lita 2 hivi kwa dakika. Kwa wasio na kipimo cha mkondo, wakati wa kulehemu iwe pumzi hafifu unayoisikia kwenye kiganja kilicholowa, isiyoweza kupeperusha karatasi. Wengine hufunga naitrojeni mara tu kiungo kinapojaa. Kopa ingali na nyuzi mia kadhaa wakati huo, na oksidi huendelea kujengeka. Iache ipite hadi uweze kusogeza mkono karibu na bomba bila kuurudisha.

Kosa lililofichika zaidi ni la matawi. Penye kiungo cha njia tatu, naitrojeni hufuata njia nyepesi, na tawi lililozibwa hubaki na hewa yake. Fungua kila tawi kidogo kwa zamu, na uhakikishe kwa kiganja kwamba pumzi inatoka upande ule unaotaka kuuchoma.

Naitrojeni haina mbadala wa mkato. Oksijeni ya mtungi wa kichomeo isiingie kamwe kwenye mfumo, iwe kwa kupitisha au kwa kupima shinikizo, kwa kuwa oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Hewa ya kompresa ya gereji huleta maji na hiyo hiyo oksijeni. Soma maandishi ya mtungi, usitegemee rangi yake. Na mtungi uliojaa huwa na shinikizo la baa 150 au zaidi, kwa hiyo usiuunganishe bila regulata. Katika chumba kidogo, kumbuka kwamba naitrojeni haina harufu wala rangi na huisukuma nje hewa unayovuta: acha mlango wazi, na ukihisi kichwa chepesi toka kwanza.

Na mfumo ambao tayari una magamba? Nitasema wazi kwamba haurudi kuwa mpya. Unaweza kupiga naitrojeni kwa nguvu kwenye kila sehemu, kubadilisha kichujio, kuweka kichujio kikaushi kwenye njia ya gesi ya maji na kukibadilisha tena baada ya muda, lakini bomba fupi lenye viungo vingi ni nafuu kulitoa lote. Pale Westlands tulibadilisha mabomba yote ya mashine ile.

Vali inayopitisha baada ya kulehemu

Vali ya huduma haifungi kabisa, au kofia yake ikitolewa gesi inatoka kwenye sindano ya ndani. Mpira na plastiki zilizomo ndani ya vali huharibika kwa nyuzi mia na ishirini hivi, na kopa hubeba joto haraka kuliko unavyodhani. Toa sindano ya ndani kabla ya moto na uirudishe bomba likiwa baridi. Funga mwili wa vali kwa kitambaa kinachotiririka maji, elekeza mwali mbali nao, na utumie kichomeo chenye moto wa kutosha ili kazi iishe upesi. Moto mdogo unaokaa muda mrefu hupeleka joto mbali zaidi kuliko moto mkubwa wa sekunde chache. Maji ya kitambaa yasiingie bombani.

Kiungo cha kopa na chuma kinachokatika

Kikivunjika kwa mtikiso mdogo na mahali pa kuvunjikia pakawa pa kijivu na pakavu, karibu kila mara rodi ya fosforasi ndiyo iliyotumika. Fosforasi na chuma hufanya tabaka linalovunjika kama kigae. Kwa chuma tumia rodi ya fedha nyingi isiyo na fosforasi wala kadimiamu, pamoja na fluksi yake.

Kichomeo kinapiga pa-pa-pa, au mwali unarudi ndani

Mlipuko mmoja mdogo unaozima mwali kwa kawaida ni ncha iliyogusa kopa, iliyopata joto kupita kiasi au iliyoziba kwa chembe. Lakini ukisikia mvumo mkali au mluzi ndani ya mpini, na mpini ukaanza kupata joto, moto unawaka ndani. Funga oksijeni ya kichomeo kwanza, kisha asetilini, kisha mitungi yote miwili, na usiwashe tena mpaka vifaa vikaguliwe. Vizuia moto visikosekane kwenye regulata. Shinikizo la asetilini lisizidi baa 1, kwa kuwa juu ya hapo huweza kulipuka yenyewe bila hewa, na mtungi wake usimamishwe wima wakati wote, hata kwenye gari. Uzi wa skrubu wa viungio vya oksijeni usipakwe grisi hata tone.

Hapa niongeze dalili isiyo ya kichomeo: harufu ya kuungua inayosikika kazi ikiwa imekwisha na vifaa vimefungwa. Povu jeusi la kuhami bomba na vumbi lililo juu ya dari ya jipsamu huweza kufuka polepole bila mwali. Sukuma povu nyuma na ulifunge kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kuanza, weka kizima moto mahali unapoweza kukifikia bila kushuka ngazi, na abaki mtu akiangalia kwa nusu saa hadi saa nzima baada ya moto wa mwisho. Kwa hiyo kiungo cha mwisho cha siku kisiwe cha saa kumi na moja jioni.

Geji imeshuka usiku

Umejaza naitrojeni ya kupima uvujaji hadi baa 40 alasiri, asubuhi geji inasoma 38. Usianze kukata. Shinikizo la naitrojeni iliyofungwa hufuata joto lake, na paa la Nairobi lililokuwa na nyuzi 28 alasiri huweza kuwa na nyuzi 13 alfajiri. Tofauti hiyo ya nyuzi 15 peke yake hushusha geji ya baa 40 kwa takribani baa 2. Andika joto la bomba pamoja na shinikizo mara zote mbili. Kwa kila nyuzi moja, kadiria baa 0.14. Kilichoshuka zaidi ya hapo ndicho cha kutafutwa.

Panda kwa hatua: baa 3 kwa dakika chache, kisha 15, ndipo shinikizo la jaribio lililoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Mashine nyingi za R-410A na R-32 huandikwa karibu baa 41.5, lakini mfumo wa zamani wa R-22 hauwezi kubebeshwa hayo. Viungo vilivyo dhaifu hujitangaza kwenye hatua za chini, ambako havimdhuru mtu.

Sindano ya vakyumu imegoma kwenye 24

Fundi aliyefunzwa Mombasa hufika huku, huwasha pampu ya vakyumu ili kuondoa hewa na maji ndani ya mfumo, na sindano ya geji husimama kwenye inchi 24 za zebaki badala ya kukaribia 30. Hubadilisha mafuta ya pampu, hubadilisha mipira, kisha hurudi kushuku viungo vyake vyote. Viungo havina hatia. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani na hewa iliyoizunguka, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi ya takribani asilimia 81 ya ile ya pwani. Kwa hiyo inchi 24 hivi ndiyo vakyumu yote ambayo geji hiyo inaweza kuonyesha hapa.

Tatizo ni kwamba sindano hiyo haiwezi kutofautisha mfumo mkavu na wenye maji. Tumia geji ya maikroni, inayopima shinikizo dogo lililobaki ndani na haijali mwinuko, na ushuke chini ya maikroni 500. Kisha funga vali ya pampu na utazame. Ikipanda kidogo halafu ikatulia chini ya 1,000, mfumo ni mzuri. Ikipanda na kusimama kwenye elfu kadhaa, kuna maji yanayochemka ndani: vunja vakyumu kwa naitrojeni na uvute upya. Ikipanda bila kusimama, hapo ndipo kiungo kinavuja. Mwezi wa Julai, bomba likiwa na nyuzi 15, maji huchemka polepole kuliko siku za joto, kwa hiyo ipe pampu muda zaidi, au sogeza kazi hadi mchana paa lipate jua.